Augustino wa Hippo, Mwafrika Aliyekawia Kuamini

Wako watu wanaodhani kwamba kutoamini ni ugonjwa wa siku hizi, ulioletwa na shule na vitabu, na kwamba watu wa kale walizaliwa na imani kama mtu azaliwavyo na masikio. Wazee wa vijijini husema kwamba kijana akisoma sana huanza kuidharau dini ya mama yake. Mara nyingine husema kweli, lakini jambo lenyewe si jipya. Lilitokea zaidi ya miaka 1,600 iliyopita katika bara hili hili la Afrika, na aliyepatwa nalo alikuja kuwa mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa. Jina lake ni Augustino.

Alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka wa 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Zamani zile nchi hiyo ilikuwa chini ya Dola ya Kirumi. Baba yake, Patricius, alikuwa diwani wa mji na mwenye mashamba machache. Aliifuata miungu ya Kirumi mpaka karibu na kufa kwake, ndipo akabatizwa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Mtoto alitiwa katika kundi la wanaofundishwa dini, lakini hakubatizwa. Siku moja alishikwa na maradhi makali akataka abatizwe upesi. Alipopata nafuu jambo hilo likaahirishwa, nalo likaendelea kuahirishwa kwa miaka mingi.

Wazazi wake waliona kwamba ana akili, wakajinyima ili asome. Hata hivyo, alipokuwa na umri wa miaka 16 karo ilikosekana, akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Katika mwaka huo yeye na vijana wenzake waliiba matunda ya mpeasi wa jirani usiku, wakayatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa, na kwao Augustino kulikuwa na matunda mazuri kuliko hayo. Wizi huo mdogo ulimsumbua maisha yake yote, kwa sababu hakuona faida aliyoitafuta ila ule uovu wenyewe na kufurahi pamoja na wenzake. Msomaji aliyepata kuwa kijana katika kundi la vijana ataelewa.

Baadaye tajiri mmoja wa mji wao alimsaidia, akaenda Carthage, mji mkubwa wa pwani, kujifunza ufasaha wa kusema. Huko alimchukua mwanamke akaishi naye bila ndoa, wakapata mwana aliyeitwa Adeodatus. Alipofika umri wa miaka 19 alisoma kitabu cha Mroma Cicero kilichowahimiza watu kutafuta hekima, na moyo wake ukawaka. Akafungua Biblia atafute hekima humo, na papo hapo akachukizwa. Tafsiri ya Kilatini iliyokuwapo Afrika wakati ule ilikuwa na maneno ya kawaida, bila mapambo, naye alikuwa mwanafunzi wa ufasaha. Aliiona kuwa kitabu cha watu wasiosoma, akakifunga.

Hicho ndicho kilikuwa kizuizi cha kwanza, na tukitazama vizuri hakikuwa cha akili bali cha kiburi. Kizuizi cha pili kilikuwa kizito zaidi. Augustino aliuliza: ikiwa Mungu ni mwema, naye ameumba vyote, uovu umetoka wapi? Hakuna aliyemjibu katika Kanisa la kwao. Waliomjibu ni wafuasi wa Mani, mtu aliyehubiri katika nchi za Uajemi katika karne ya tatu. Hao walifundisha kwamba tangu mwanzo ziko nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana, na kwamba mtu atendapo dhambi ni lile giza lililo ndani yake linalotenda. Fundisho hilo lilimpendeza sana kijana aliyetaka kutenda dhambi bila kujilaumu. Akakaa nao miaka tisa.

Monika alipopata habari alimkataza kukaa naye mezani. Baadaye akaota ndoto iliyompa tumaini, akamruhusu kurudi nyumbani, lakini hakuacha kulia na kuomba. Alimwendea askofu mmoja aliyepata kuwa katika dini ile ile ya Mani utotoni, akamsihi azungumze na mwanawe. Askofu akakataa: alimwona kijana kuwa bado amejaa majivuno na hafundishiki, akashauri aachwe asome mwenyewe mpaka atambue kosa. Monika alipozidi kumsihi kwa machozi, askofu, akiwa nusu amechoka naye, akamwambia aende zake, maana mwana wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Mama huyo alilishika neno lile kana kwamba limetoka mbinguni.

Ushauri wa askofu ulikuwa wa busara. Kadiri Augustino alivyosoma vitabu vya wanajimu waliohesabu mwendo wa jua na mwezi, ndivyo alivyoona kwamba habari za nyota katika vitabu vya Mani hazikubaliani na hesabu. Aliwauliza wenzake, nao wakamwambia amngojee Faustus, mwalimu wao mkuu. Faustus akafika Carthage mwaka wa 383. Alikuwa na maneno matamu, lakini alipoulizwa habari za hesabu alikiri wazi kwamba hazijui. Augustino alimpenda kwa unyofu huo, ila tangu siku ile imani yake kwa Mani ilianza kufa. Hakurudi kwa Kristo kwa sababu hiyo. Alianguka katika hali ya tatu, ambayo watu wengi huipitia bila kuijua: ya kutoamini kwamba kweli yoyote inaweza kujulikana.

Mwaka huo huo alisafiri kwenda Roma. Monika hakutaka aende; alimfuata mpaka bandarini akamshika. Augustino akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, akamshawishi alale katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na pwani, na usiku akapanda chombo akaondoka. Kulipokucha mama aliiona bahari tupu. Augustino hakusahau jambo hilo, akaliandika yeye mwenyewe bila kujitetea.

Kutoka Roma alipata kazi kubwa huko Milano, mwaka wa 384, ya kufundisha ufasaha kwa mshahara wa serikali. Askofu wa mji huo alikuwa Ambrosi. Mwanzoni Augustino alikwenda kanisani kusikiliza jinsi Ambrosi anavyosema tu, kama fundi wa seremala atazamavyo kiti cha fundi mwenzake. Lakini maneno hayaingii sikioni bila maana yake. Akaanza kuona kwamba mambo aliyoyacheka katika Agano la Kale yalikuwa na maana iliyofichika, na kwamba Wakristo wenye elimu hawakudhani Mungu ana mwili na viungo kama mtu. Kisha akasoma vitabu vya wafuasi wa Plato, akafahamu kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, bali ni upungufu wa wema, kama kidonda kilivyo upungufu wa afya. Swali lililomsumbua tangu ujana likawa limepata njia ya kujibiwa.

Hapo ingetazamiwa kwamba angebatizwa kesho yake, lakini haikuwa hivyo. Akili ilikuwa imeshinda, na mtu mwenyewe bado. Siku moja, akienda kutoa hotuba ya kumsifu Kaisari, hotuba iliyojaa uongo na ambayo wasikilizaji walijua ni uongo, alimwona maskini mmoja mlevi barabarani akicheka. Akawaambia rafiki zake kwamba mlevi yule amepata kwa senti chache za sadaka furaha ambayo wao wanaihangaikia mchana na usiku bila kuipata.

Kwa ajili ya cheo alitafutiwa mchumba wa jamaa ya heshima, msichana aliyepungukiwa na miaka miwili kufikia umri wa kuolewa. Mama wa Adeodatus, aliyekaa naye miaka mingi kwa uaminifu, akarudishwa Afrika, naye akaweka nadhiri kwamba hatamjua mwanamume mwingine; mtoto akabaki kwa baba. Augustino, asiyeweza kungoja miaka miwili, akamchukua mwanamke mwingine. Mwanamke yule aliyefukuzwa hatujui hata jina lake. Katika habari hii yote hakuna aliyedhulumiwa kuliko yeye, wala hapana shaka kwamba siku ile alikuwa na imani kubwa kuliko mwalimu aliyemwacha.

Katika mwezi wa Agosti mwaka wa 386 Mwafrika mwenziwe, Ponticianus, aliwatembelea, akawahadithia Augustino na rafiki yake Alypius habari za Antoni wa Misri, mtu asiye na elimu aliyeacha mali yake yote amfuate Mungu jangwani. Mgeni alipoondoka, Augustino aliingia bustanini akijilaumu. Watu wasiosoma wanautwaa ufalme wa mbinguni, na wao wenye elimu wanagaagaa! Akajitupa chini ya mtini akilia. Mara akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikirudia kama wimbo wa mchezo, ikiamuru kutwaa na kusoma. Akarudi mahali alipokiacha kitabu cha Mtume Paulo, akakifungua, na macho yake yakaangukia maneno ya Waraka kwa Warumi yanayoonya juu ya ulevi na uasherati na kuagiza mtu amvae Kristo. Hakusoma zaidi. Alypius akasoma yaliyofuata, ambayo yanahusu kumpokea aliye dhaifu wa imani, akasema hayo ni yake. Wote wawili wakaenda kumwambia Monika, aliyekuwa amemfuata mwanawe mpaka Milano.

Usiku wa Pasaka, mwaka wa 387, Ambrosi aliwabatiza Augustino, Alypius na Adeodatus. Mwaka ule ule, wakiwa safarini kurudi Afrika, Monika alifariki huko Ostia, bandari ya Roma, akiwa na umri wa miaka 56. Watoto wake walihangaika kwa kuwa atazikwa ugenini. Yeye aliwaambia wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke madhabahuni. Mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo la mlingoti wa mchezo huko Ostia walikuta kipande cha jiwe la kaburi lake.

Wengi huishia hapo wanaposimulia habari za Augustino, kana kwamba mtu akiisha kuamini kazi imekwisha. Maisha yake yasema vingine. Aliporudi Thagaste alikaa na rafiki zake katika sala na kusoma. Huko Adeodatus alifariki angali kijana. Mwaka wa 391 alikwenda Hippo, mji wa pwani ambao leo ni Annaba, na watu walipomwona kanisani wakamkamata kwa nguvu awe kasisi wao. Akalia. Wengine wakamfariji wakidhani analilia cheo cha askofu! Kumbe alilia kwa hofu. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba askofu muda mpaka Pasaka ili asome Biblia, kwa maana alijiona hajui vya kutosha kuwalisha wengine. Kitabu alichokidharau akiwa na miaka 19 ndicho alichokiombea ruhusa ya kukisoma alipokuwa na miaka 36.

Mwaka wa 395 akafanywa askofu. Asubuhi nyingi alikaa akiamua kesi za watu waliogombania mashamba na urithi, kazi asiyoipenda. Karibu na mwaka wa 400 aliandika kitabu chake cha Maungamo, na humo alieleza pia majaribu aliyokuwa nayo akiwa askofu: kula kupita kiasi, kupenda kusifiwa, na hata kupotewa na sala kwa kutazama buibui akimnasa nzi. Juu ya meza yake ya chakula aliandika onyo dhidi ya kuwasengenya wasiokuwapo, na maaskofu wenzake walipolisahau aliwaambia kwamba ama maneno yale yafutwe au yeye ataondoka mezani.

Si kila alilolitenda lilikuwa jema. Katika ugomvi na Wadonatisti, Wakristo wa Afrika waliojitenga, kwanza alitaka washindwe kwa hoja tu. Baadaye akakubali serikali iwalazimishe kurudi, na maneno yake yalitumiwa vibaya na watesi wa karne nyingi zilizofuata. Lakini alijua kujisahihisha. Katika miaka ya 426 na 427, akiwa mzee, alivisoma tena vitabu vyake 93 kimoja kimoja, akaandika kitabu kingine cha kuonyesha alipokosea.

Mwaka wa 430 Wavandali, waliovuka bahari kutoka Hispania, waliuzingira mji wa Hippo. Ndani ya mji uliojaa wakimbizi, Augustino alishikwa na homa. Akaagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma akilia, na kwa muda wa siku kumi akaomba asiingie mtu ila mganga na waletao chakula. Akafariki tarehe 28 Agosti, akiwa na umri wa miaka 75. Hakuandika wosia, kwa sababu hakuwa na mali ya kurithisha. Aliagiza tu kwamba vitabu vya kanisa vitunzwe vizuri kwa ajili ya watakaokuja.