Kufundisha Ulinganishi: Papa wa Greenland na Laikeni ya Mwambani

Katika masomo ya sayansi mwanafunzi huambiwa mara nyingi alinganishe vitu viwili. Asipopewa kigezo, huishia kuandika kwamba kimoja kina mapezi na kingine hakina. Huko ni kuorodhesha tu, wala si kulinganisha. Mwalimu hana budi kuanza na swali moja livihusulo vitu vyote viwili.

Tuchukue viumbe viwili vya Greenland. Cha kwanza ni papa wa maji baridi, awezaye kuzama zaidi ya mita 2,000. Cha pili ni laikeni ya rangi ya kijani-manjano iotayo juu ya miamba. Hiyo ni kuvu na mwani viishivyo pamoja. Swali letu ni hili: umri wa kiumbe kisicho na kumbukumbu ya kuzaliwa hujulikanaje?

Papa huyu hukua kwa sentimita moja au pungufu kwa mwaka. Kiini cha lenzi ya jicho lake hufanyika kabla hajazaliwa, wala hakibadiliki baadaye. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima kaboni katika lenzi za papa majike 28. Mkubwa wao, mwenye urefu wa mita 5, alikadiriwa kuwa na miaka kati ya 272 na 512.

Laikeni nayo hutanuka kwa chini ya milimita moja kwa mwaka. Kutokana na kazi ya Roland Beschel katika miaka ya 1950, wataalamu hupima laikeni zilizoota juu ya mawe yenye tarehe, kama ya makaburi, ili kujua kasi ya ukuaji. Kisha hukadiria mwamba umekuwa wazi kwa muda gani tangu barafu iondoke.

Sasa ulinganishi una maana. Vyote viwili hukua polepole na kutunza alama ya wakati mwilini. Lakini lenzi ya papa hupimwa akiwa amekwisha kufa, nayo hueleza umri wake mwenyewe. Laikeni hupimwa ingali hai, nayo hueleza pia umri wa mwamba.

Katika andalio la somo, weka jedwali la safu tatu: swali, papa, laikeni. Kisha wanafunzi wachore mzingo wa laikeni iliyo juu ya jiwe au gome la mti karibu na shule, na warudie mwisho wa mwaka. Wasipoona badiliko, hilo nalo ni jibu.

Sisitiza neno "kadirio". Anayetaja idadi moja ya miaka amekariri. Anayetaja mipaka yake na kueleza sababu ameelewa.