Uhuishaji, Kovu na Nafsi: Istilahi za Michoro Inayokwenda

Madhumuni ya makala haya ni kujadili istilahi zinazohitajika pale mfasiri, mwalimu au mtumishi wa serikali anapotakiwa kueleza kwa Kiswahili sanaa ya kuonyesha mambo ya moyoni kwa michoro inayokwenda. Lugha yetu haina upungufu wa maneno yanayoikaribia sanaa hiyo. Taabu ni kwamba maneno hayo yamezoea kazi nyingine, na yakitumiwa bila kupimwa humpotosha msomaji. Ili mjadala usielee hewani, tutaupima kwa kazi za msanii mmoja, William Kentridge, aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1955.

Tuanze na neno lililo mdomoni mwa kila mtu, nalo ni katuni. Neno hili tumelizoea kwanza katika magazeti, kwa maana ya mchoro wa kuchekesha au wa kukejeli. Baadaye likapanuka, likabeba pia filamu za michoro. Mfululizo wa Ubongo Kids, ulioanza kuonyeshwa katika televisheni ya Tanzania mwaka 2014 kwa ajili ya kuwafundisha watoto, huitwa katuni wala hakuna anayetatizika. Sambamba nalo tunalo kibonzo, ambalo hutumika karibu kwa maana hiyo hiyo, na kikaragosi, ambalo hutaja sura iliyokuzwa kasoro zake kwa makusudi ya kukejeli. Maneno yote matatu ni mazuri mahali pake. Lakini yote yanamwandalia mtazamaji kicheko kabla hajaketi. Filamu inayoonyesha maiti iliyofunikwa magazeti kando ya njia ikitangazwa kuwa ni katuni, mwalimu ataiwekea wanafunzi wadogo, na afisa mwenye kuainisha filamu ataiweka katika fungu la burudani ya watoto. Kosa la neno moja huwa kosa la utendaji.

Kwa hiyo tunahitaji neno linalotaja njia ya kazi bila kuhukumu kama kazi yenyewe ni ya kuchekesha au ya kuliza. Neno hilo tunalo: uhuishaji. Kitenzi huisha kina maana ya kutia uhai au kurudishia uhai. Twasema kuhuisha mila iliyosahauliwa, au kuhuisha chama kilicholala. Kutokana nacho tunapata uhuishaji kwa kazi yenyewe, na mhuishaji kwa mtendaji. Huenda mtu akapinga kwamba mchoro haukupata kuwa hai hata uhuishwe. Jibu ni kwamba istilahi haikopi maana yote ya neno la asili, bali huchukua ile sehemu inayofaa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ofisini. Siku hizi kuhuisha taarifa ni kuziandika upya ili ziendane na wakati. Barua inayotaja uhuishaji bila maelezo yaweza kupelekwa kwa mtunza kumbukumbu. Kwa sababu hiyo inafaa kuandika uhuishaji wa michoro mara ya kwanza, na baadaye uhuishaji peke yake.

Sasa tutazame kazi yenyewe inavyofanyika, maana istilahi nzuri huzaliwa katika kuijua kazi. Filamu ni mfuatano wa picha tuli, ambazo huitwa fremu. Katika sinema ya kawaida fremu 24 hupita mbele ya jicho kwa sekunde moja, yaani 1,440 kwa dakika, na jicho huziona kama mwendo mmoja. Mfaransa Émile Cohl alipotoa filamu yake Fantasmagorie mwaka 1908, alichora mamia ya michoro, kila mmoja ukitofautiana kidogo na uliotangulia. Baadaye viwanda vya filamu vilichukua njia ya kuchora wahusika juu ya karatasi angavu za seluloidi zilizowekwa juu ya mandhari isiyobadilika. Katika njia zote mbili mchoro uliokwisha kupigwa picha huondolewa, na mwingine safi huwekwa mahali pake. Mtazamaji haoni dalili yoyote ya ule uliopita.

Kentridge alifuata njia nyingine. Hubandika ukutani karatasi moja kubwa na kuchora kwa mkaa, akiongeza mara chache rangi nyekundu au buluu. Kisha huiendea kamera iliyosimamishwa upande wa pili wa chumba na kupiga fremu moja au mbili. Hurudi kwenye karatasi, akafuta sehemu ndogo, akachora upya, akaiendea kamera tena. Hutembea hivyo kutwa, na karatasi moja humtosha kwa tukio zima. Filamu ya dakika kadhaa hutokana na michoro makumi machache tu.

Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuwa macho. Katika njia ya Cohl, idadi ya michoro inakaribiana na idadi ya fremu. Katika njia ya Kentridge, mchoro mmoja huzaa fremu nyingi sana. Mfasiri akitumia neno picha kwa vyote viwili, msomaji hataelewa imewezekanaje filamu nzima kutoka katika picha makumi machache. Basi tuseme mchoro kwa karatasi iliyochorwa, na fremu kwa pigo moja la kamera. Neno picha tulibakize kwa matumizi ya jumla.

Jambo kubwa zaidi ni hili, kwamba mkaa haufutiki wote. Mtu akichorwa anatembea, nyuma yake hubaki wingu la kijivu pale alipokuwa amesimama. Mkono ukiinuliwa, kivuli cha mkono wa awali hubaki chini yake. Mwanzoni msanii aliona mabaki hayo ni dosari, kisha akatambua kuwa ndiyo maana ya kazi yake. Karatasi inakumbuka. Tuiiteje alama hiyo? Neno athari lingefaa kwa asili yake, lakini leo wasomaji wengi hulielewa kwa maana ya matokeo. Masalio linatosha kwa maelezo ya kiufundi. Kwa uhakiki, hata hivyo, tunapendekeza kovu. Kovu ni alama ya jambo lililopita ambayo mwili wenyewe unaichukua, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mwenye kovu tusidhani kapoa. Onyo hilo laeleza sanaa hii vizuri zaidi ya maelezo mengi ya wataalamu.

Filamu ya Felix in Exile, yaani Felix Uhamishoni, ilikamilika mwaka 1994, kabla ya uchaguzi mkuu wa Aprili uliowashirikisha Waafrika Kusini wa rangi zote kwa mara ya kwanza. Felix yumo peke yake katika chumba cha hoteli, uchi, na sanduku la michoro. Michoro hiyo ni ya Nandi, mwanamke mpima ardhi, ambaye ameandika miili ya waliouawa katika viunga vya mashariki ya Johannesburg. Miili hufunikwa magazeti, kisha huyeyuka na kuwa sehemu ya ardhi. Mwishoni Nandi mwenyewe anapigwa risasi, naye anamezwa na ardhi aliyokuwa akiipima. Mtazamaji aliyeelezwa habari ya kovu hujua cha kutafuta: ardhi ile haikubaki safi, ina weusi wa mkaa pale miili ilipokuwa.

Tukifika hapo tunakutana na tatizo la pili, yaani namna ya kuutaja ulimwengu wa ndani ya mtu ambao sanaa hii inauchunguza. Wafasiri wengine huandika maisha ya ndani. Kwa Mswahili maneno hayo yana maana nyingine kabisa. Mwali huwekwa ndani, mgonjwa hushinda ndani, na mhalifu hutiwa ndani. Maisha ya ndani ni ya nyumba na kuta. Lugha yetu haikuliweka jambo hili katika neno moja, bali imeligawa kwa kazi. Moyo ni makao ya hisia na ushujaa: twasema moyo umemwuma, na pia ana moyo. Roho ni uhai wenyewe, ndiyo maana mtu hukata roho. Lakini pia ni tabia, ndiyo maana fulani huambiwa ana roho mbaya. Nafsi ni mtu kama anavyojijua mwenyewe, nayo ina uwezo wa kumshitaki mwenyewe, kwani twasema nafsi yake imemsuta. Dhamiri ni kusudio, na katika maandishi ya karibuni ni ile sauti inayopambanua jema na baya.

Ugawanyaji huo ni utajiri. Hatuna budi kuutumia, badala ya kuchagua neno moja na kulilazimisha mahali pote. Mtu mwenye huzuni aelezwe kwa moyo. Mtu anayejikagua aelezwe kwa nafsi. Pale tunapohitaji jina la jumla, yaliyomo moyoni au undani wa nafsi yatafaa.

Mfano wa filamu nyingine utaonyesha faida yake. Mwaka 1996, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilipoanza kusikiliza mashahidi, Kentridge alitoa filamu aliyoiita History of the Main Complaint. Soho Eckstein, tajiri wa migodi mwenye suti ya mistari, amelala hospitalini bila fahamu. Madaktari wanaofanana naye wanampima, na picha za eksirei zinaonyesha kifuani mwake vifaa vya ofisi yake. Kisha tunamwona akiendesha gari, macho yake yakitazama katika kioo. Kando ya barabara mtu anapigwa. Baadaye mwingine anakatiza mbele ya gari na kugongwa. Hapo ndipo Soho anapozinduka. Mwishoni yuko mezani pake, amerudi kazini.

Neno la mwisho katika jina la filamu hiyo, kwa Kiingereza, ni lile ambalo daktari huandika kwa maradhi anayoeleza mgonjwa, na pia ni manung'uniko ya mwenye kudhulumiwa. Tukiandika lalamiko kuu, hospitali inatoweka. Tukiandika ugonjwa mkuu, dhuluma inatoweka. Tunapendekeza sumbuko. Mgonjwa wetu husema anasumbuliwa na kifua, na mwenye hatia husema nafsi yake inamsumbua. Historia ya Sumbuko Kuu inabeba vyote viwili bila kulazimisha.

Yafaa kutoa tahadhari moja zaidi. Wasomaji wetu waliokulia katika miaka ya harakati za ukombozi walilizoea neno kaburu kwa kila mzungu aliyenufaika na ubaguzi. Mfasiri atashawishika kumwita Soho kaburu. Neno hilo lilikuwa na kazi yake katika mapambano, lakini hapa linamwondolea mtazamaji swali. Soho hakumpiga mtu yule kando ya barabara, alipita. Filamu yauliza nafsi ya mpitaji inabeba nini, na swali hilo halina rangi wala mipaka ya nchi. Tumwite tajiri, au mwenye migodi, na hukumu tumwachie mtazamaji.

Kwa muhtasari, tunawatolea wafasiri na walimu mapendekezo yafuatayo:

Uhuishaji wa michoro: kazi ya kuipa michoro mwendo kwa kuipiga fremu baada ya fremu.
Mhuishaji: mtu afanyaye kazi hiyo.
Katuni: mchoro au filamu ya michoro iliyokusudiwa kuchekesha, kukejeli au kuburudisha.
Mchoro: karatasi iliyochorwa, hata ikibadilishwa mara nyingi.
Fremu: picha tuli moja katika mfuatano wa filamu.
Kovu: alama inayobaki katika mchoro baada ya kufutwa.
Undani wa nafsi: jina la jumla la hisia, kumbukumbu na dhamiri za mtu.

Mapendekezo haya yajaribiwe darasani na ofisini kabla ya kusanifishwa, kwani istilahi hupimwa na watumiaji wake. Neno litakaloshindwa kumfikisha mwanafunzi kwenye mchoro ulio mbele yake, liachwe.