Kuvuta Protini Moja Kutoka Utandoni

Utando wa seli ni mafuta yaliyojipanga tabaka mbili, na ndani yake zimesimama protini. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino unaopaswa kujikunja na kukaa mkao wake humo. Ukikosea mkunjo, kazi yake hupotea. Protini hizi zikitolewa kwenye mafuta huharibika umbo upesi, kwa hiyo njia nzuri ya kuzijua ni kuzivuta zikiwa zingali mahali pake.

Ncha ya hadubini ya nguvu ya atomu hunasa mwisho wa mnyororo, kisha huinuliwa polepole. Mwaka 2000 wanasayansi nchini Ujerumani waliivuta hivyo bakteriorodopsini, protini ya vijidudu wapenda chumvi, jamaa wa wale wanaotia wekundu Ziwa Magadi. Mnyororo wake hupenya utando mara saba, kila mara kwa msokoto mmoja. Misokoto hiyo haikung'oka kwa mkupuo. Mingi ilitoka miwili miwili, kwa nguvu ya pikonyutoni 100 hadi 200. Embe la gramu 100 huelemea kiganja kwa nyutoni 1 hivi, na pikonyutoni ni sehemu moja ya trilioni ya hiyo. Mwaka 2006 ilithibitika kuwa ncha ikishushwa tena, protini hurudi utandoni na kujikunja yenyewe, hata huku ikivutwa. Ajabu ya kazi yote hii iko hapo.

Utando na protini zake hugusa pia afya ya watu. Mkoani Tabora, Tanzania, utando wa chembe nyekundu za damu una uzito wa pekee, kwani ndio mlango wa vimelea vya malaria. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa umri wa chini ya miaka mitano mkoani humo alikutwa na vimelea.

Huko Kilifi, Kenya, baadhi ya watu wana damu ya aina ya Dantu, ambamo protini mbili za utando, glikoforini A na B, zimeungana kuwa moja. Mwaka 2020 watafiti walipima mtetemo wa utando wa chembe za watoto wa Kilifi. Za Dantu zilikuwa zimekazika zaidi, na mkazo ukivuka kiwango fulani kimelea hushindwa kuingia. Aliyerithi Dantu kwa wazazi wote wawili hupata kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Dawa ya kuukaza utando namna hiyo bado haijapatikana.