Kidole Gumba Kilichopinda, Unyayo Ulioshuka

Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza walichokiona kwenye mifupa ya watu 177 waliozikwa mjini humo na maeneo ya jirani karne nyingi zilizopita. Kati ya waliozikwa karne ya 11 hadi ya 13, asilimia 6 walikuwa na kidole gumba cha mguu kilichopinda. Kwa wale wa karne ya 14 na 15, ni asilimia 27. Kilichobadilika ni viatu: vyenye ncha ndefu vilikuwa vimeshika fasheni, na waliozikwa kwenye makao ya watawa ndio walioongoza kwa vidole vilivyopinda.

Kiatu kinachobana hakibebi lawama yote, maana miguu ya namna hii hurithiwa pia. Wengi hudhani ile nundu inayotokeza kando ya kidole gumba ni mfupa ulioota. Sivyo. Ni kichwa cha mfupa wa unyayo kilichochomoza upande wa ndani, huku kidole chenyewe kikiwalalia wenzake.

Ndiyo maana kuchonga nundu peke yake hakusaidii sana. Daktari hukata mfupa, akausogeza mahali pake na kuufunga kwa skrubu. Mbinu zilizokwisha kuelezwa zinazidi 100. Mojawapo, inayounganisha kiungo kilicholegea katikati ya unyayo, ina jina la Paul Lapidus, daktari wa New York aliyeielezea mwaka 1934.

Unyayo bapa una habari yake. Wapo waliozaliwa nao, wanatembea na kukimbia bila maumivu; hao kisu hakiwahusu. Wa kuwahi hospitali ni mtu mzima aliyekuwa na uvungu wa unyayo, kisha akaanza kuona alama ya mguu wenye maji kwenye sakafu ya saruji ikijaa yote, tena mguu mmoja tu, na maumivu nyuma ya kifundo upande wa ndani. Hapo hupita kano inayoshikilia uvungu. Ikichoka au kuchanika, uvungu hushuka, kisigino huegemea nje, na wakati mwingine kidole gumba nacho husukumwa.

Mwaka 1989, madaktari Kenneth Johnson na David Strom waliugawa ugonjwa huu katika hatua, na mgawanyo huo una uzito hadi leo. Mguu ukiwa bado unanyumbulika, daktari huweza kukata mfupa wa kisigino, akausogeza ndani kama sentimita 1, kisha akaazima kano inayokunja vidole vidogo ifanye kazi ya ile iliyochoka. Mguu ukishakakamaa, hubaki kuunganisha viungo: maumivu hupungua, lakini unyayo haugeuki tena vizuri kwenye njia ya mawe.

Kupona ni kwa subira. Baada ya kurekebishwa uvungu, mgonjwa hukaa na hogo na magongo takriban wiki 6 bila kuukanyagia mguu, na uvimbe huweza kuchukua miezi. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha mifupa kuunga. Mguu usiouma usipasuliwe kwa ajili ya urembo.

Msomaji mwenye wasiwasi ashike ukuta, asimame kwa mguu mmoja, anyanyue kisigino. Kikigoma kunyanyuka, au kikinyanyuka kwa maumivu, amwone daktari wa mifupa sasa, mguu ungali unanyumbulika.