Vijana Wetu na Masomo ya Juu ya Fasihi Ng'ambo

Kila uingiapo mwezi wa Oktoba, baadhi ya vijana wetu waliohitimu masomo ya fasihi huanza kazi ambayo watu wa nyumbani kwao hawaielewi vema. Hukesha wakiandika, huwafuata walimu wao wa zamani ofisini, hukopa fedha kwa wajomba na shangazi, na huuliza bei ya dola kila asubuhi kama wafanyabiashara. Wanaomba nafasi ya kusomea shahada ya pili au ya udaktari katika vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza. Leo twapenda kusema nao, na kusema pia na wazee na walimu wao, kwa maana tumeona wengi wakikwama si kwa upungufu wa akili bali kwa kutojua desturi za nyumba wanayoibishia hodi.

Tuanze na lugha, kwani hapo ndipo penye uchungu. Kijana wa Tanzania aliyepita shule zetu za kawaida husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha tangu kidato cha kwanza hadi siku anapovaa joho hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hiyo ni miaka tisa au zaidi. Hata hivyo afikapo mlangoni huulizwa: Je, wakijua Kiingereza? Serikali ya Uingereza inayo orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi swali hilo waombapo viza ya masomo. Jamaica imo, Malta imo. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Kwa hiyo wengi hulazimika kufanya mtihani, ama ule wa TOEFL ulioanza mwaka 1964, ama wa IELTS, na gharama yake hufika dola 200 na kuzidi. Matokeo yake huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu, kana kwamba lugha ni samaki wa kuoza.

Hatusemi kwamba swali lenyewe ni dhuluma. Sote twaijua hali ya Kiingereza katika shule zetu nyingi, ambako mwalimu husoma kitabu kwa Kiingereza, hufafanua kwa Kiswahili, na mwanafunzi hukariri kwa lugha asiyoiota. Lakini yafaa kijana aelewe mtihani ule wapima nini. Wapima kama ataweza kufuata mhadhara, kusoma makala na kujibu kwa ufasaha. Haumpimi kama aweza kusoma riwaya akaona kile ambacho mwandishi amekificha. Aliyepata alama za wastani asijione kuwa fasihi imemkataa, na aliyepata alama za juu asijione kuwa amekwisha kupokelewa.

Tena asikimbilie kulipa. Vyuo vingi vya Marekani huwasamehe mtihani watu waliosoma shahada ya kwanza katika chuo kifundishacho kwa Kiingereza, ila masharti hutofautiana. Yampasa kuandika mapema kuuliza, na kuchukua kwa msajili wa chuo chake barua ishuhudiayo lugha ya kufundishia. Vivyo hivyo mtihani wa GRE. Ule wa Fasihi ya Kiingereza, uliowatisha wengi, ulikomeshwa mwaka 2021, na idara nyingi zimeacha pia kuudai ule wa jumla. Bado twaona vijana wakitoa dola 220 kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna atakayeitazama.

Sasa tuje penye uzito. Mwombaji hutakiwa kupeleka maandishi yake ya uhakiki, mara nyingi kurasa 15 hadi 25, pamoja na maelezo ya nia yake. Maandishi hayo husomwa na kamati ya walimu wa fasihi wenyewe, na kwa maoni yetu hapo ndipo mtu hupokelewa au hukataliwa. Vijana wetu hapo hufanya kosa moja kubwa: hukificha Kiswahili. Hudhani kwamba wakionekana wametoka katika lugha nyingine watahesabiwa kuwa pungufu, basi huandika juu ya Dickens yale yale yaliyokwisha kuandikwa na wahakiki mia, kwa maneno makubwa waliyoyachuma kwenye kamusi.

Hatuna ugomvi na Dickens wala Shakespeare. Lakini hebu tutazame. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa nchi changa, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Ni wangapi katika kamati ile ya Marekani wawezao kuiweka hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari kando ya Kiswahili cha Mwalimu, wakaonyesha ni neno gani limepata nguvu mpya na lipi limefifia? Kijana wa Mwanza au Tanga aliyesoma vyote viwili aweza. Kurasa 20 juu ya jambo hilo, zilizoandikwa kwa Kiingereza chepesi na safi, zina thamani kuliko kurasa mia za kurudia maneno ya wengine.

Tukumbuke pia kwamba idara nyingi za Kiingereza, na zaidi zile za fasihi linganishi, humtaka mwanafunzi wa udaktari aweze kusoma lugha moja au mbili zaidi ya Kiingereza. Mmarekani hutoa jasho kujifunza Kifaransa au Kijerumani ili atimize sharti hilo. Wetu hufika na Kiswahili, na pengine Kisukuma au Kihaya juu yake, halafu katika fomu huandika tu kwamba Kiingereza si lugha yake ya kwanza, kama mtu anayekiri deni.

Waliotangulia hawakuiacha lugha yao kizingitini. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa amekwisha kutoa Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974 kabla ya kupata udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, kwa utafiti juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Ebrahim Hussein alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, kwa utafiti juu ya tamthilia ya Afrika Mashariki. Abdulrazak Gurnah, aliyetoka Unguja akiwa kijana, alipata wake Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Gurnah aliandika riwaya zake kwa Kiingereza, na wapo wanaomlaumu kwa hilo. Sisi hatuingii leo katika ubishi huo, ila twaona kwamba mwambao umejaa katika kila kurasa zake.

Juu ya maelezo ya nia, tuseme kwa kifupi. Yasianze kwa kusema kwamba tangu utotoni mwombaji alivipenda vitabu, kwani kila mwombaji alivipenda. Wala yasiombe huruma. Kamati yataka kujua ni swali gani lamkera kijana huyu, na ni nani chuoni pale awezaye kumwongoza. Wapo mjini watu wauzao maelezo hayo, na siku hizi kompyuta huyaandika kwa dakika moja. Rafiki kusahihisha sarufi si dhambi. Lakini aliyepeleka sauti isiyo yake ataulizwa habari zake katika mahojiano, naye hatakuwa na la kujibu.

Kwa wazee twataka kusema habari ya fedha, maana wengi hudhani shahada ya udaktari ni ghali kuliko ya pili. Marekani mambo mara nyingi ni kinyume. Anayepokelewa kwa udaktari wa fasihi kwa kawaida husamehewa karo na kupewa posho, naye hulipa kwa kufundisha. Na aweza kuomba akiwa na shahada ya kwanza tu. Shahada ya pili, huko na Uingereza, mara nyingi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe. Basi mzee asiuze shamba kabla ya kuuliza ni shahada ipi. Ada ya kupeleka maombi nayo, ambayo huwa kama dola 75 hadi 125 kwa chuo, vyuo kadhaa huisamehe kwa anayeeleza hali yake mapema. Ni kweli kwamba mwaka 2025 idara kadhaa za Marekani zilipunguza nafasi, na nyingine zikasimamisha kupokea kwa mwaka mzima. Masharti ya viza nayo yamebadilika mara kwa mara, na yafaa matangazo ya ubalozi yasomwe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Sasa ndugu zetu walimu wa vyuo. Mwombaji mara nyingi huhitaji barua tatu za kumshuhudia. Kwetu si adabu kumsifu mtu mbele za watu, kwa hiyo mwalimu huandika mistari sita: kijana huyu ni mtiifu, ana nidhamu, namtakia heri. Kule barua ya namna hiyo husomeka kama lawama. Wao hutarajia kurasa mbili zitajazo insha fulani, hoja fulani, siku kijana alipombishia mwalimu na akawa na haki.

Na barua ifike. Twamfahamu kijana mmoja aliyekamilisha kila kitu, mtihani, ada na maandishi, akingoja barua moja tu ya mwalimu aliyemwahidi tangu Septemba. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 15 Desemba, saa sita ya usiku ya huko mashariki mwa Marekani, yaani saa mbili ya asubuhi ya tarehe 16 kwetu. Kijana alikaa nje ya ofisi ya mwalimu wake tangu saa kumi na mbili alfajiri. Mwalimu alifika saa nne, akamsalimu kwa upole, akamwuliza kama amekwisha kunywa chai.