"Kuku hawajafa" haimaanishi dawa ni salama

Leo naongelea ule unga wa zamani usio na lebo, ambao baadhi yetu bado tunauchanganya na mahindi ya kuhifadhi. Hapa Mbaha, na huko juu Mbinga kwenye kahawa, ukiuliza kama ni salama unajibiwa: "Bwana shamba, kuku wameyala na hawajafa."

Jamani, kufa siyo kipimo pekee. Mwaka 1950 watafiti wawili wa Marekani, Burlington na Lindeman, walichukua majogoo wadogo aina ya Leghorn wakawa wanawadunga DDT. Dozi ilikuwa kubwa, nisiwadanganye, tena ya sindano, siyo ya kudonoa chini. Wale majogoo walipokua, korodani zao hazikufika hata robo ya ukubwa wa kawaida. Upanga na ndevu vikabaki vidogo kama vya tetea. Jogoo yupo hai, anakula, lakini ujogoo hana!

Njia mojawapo ambayo DDT huvuruga homoni ilikuja kueleweka baadaye sana. DDT ikiingia mwilini sehemu yake hugeuka kuwa DDE, na hiyo hukaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Mwaka 1995 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba DDE huziba mahali ambapo homoni ya kiume inatakiwa kushika ili ifanye kazi. Ni kama mtu kachomeka kijiti kwenye tundu la kufuli. Ufunguo upo lakini hauingii. Waliwapa panya wa maabara wenye mimba, na madume waliozaliwa wakabaki na chuchu kama majike. Mama ndiye aliyelishwa, mtoto ndiye aliyeharibika. Bata waliolishwa DDE nao walitaga mayai yenye ganda jembamba, yanayopasuka. Mfugaji akiona hivyo atasingizia jogoo mzee, hatakumbuka unga wa stoo.

Na huu unga hauishi haraka. Pale Vikuge, Kibaha, viuatilifu vilivyoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, vingine vikiwa vimeshapita muda wake, viliwekwa bandani mpaka banda likaanguka. Miaka mingi baadaye watafiti walipopima udongo, DDT bado ilikuwepo, tena nyingi.

Sisi wa mwambao tuna jambo la ziada. Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Shire, kule kusini Malawi. Kinachoshuka na mito kutoka milimani hakina pa kwenda haraka. Watafiti wameshaikuta DDT kwenye samaki wa ziwa hili, ikiongezeka kadiri samaki anavyokula wenzake. Sisemi anayekula dagaa atakuwa mgumba, kuleni dagaa. Nasema tusiongeze.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo hauruhusu DDT shambani wala ghalani. Umeiachia kudhibiti wadudu waenezao magonjwa tu, kama mbu. Endosulfani, iliyokuwa ikipigwa kwenye kahawa na pamba, iliongezwa kwenye orodha mwaka 2011.

Kwa hiyo ukinunua dawa tazama namba ya usajili wa TPHPA kwenye lebo. Bomba usilioshee mtoni. Na kama una mfuko wa unga usioujua, usiuchome, usiufukie, usimpe jirani. Ufunge ndani ya mfuko mwingine, uuweke mbali na watoto, chakula na mifugo, kisha mwambie afisa ugani wa kata yako.