Ujirani wa Nanga

Ndugu zetu wa Tanga wana swali moja wasilochoka kutuuliza kwenye simu: watoto wenu wako wapi? Wakisikia kwamba mimi na mzee wangu, baada ya kustaafu, tuliuza nyumba yetu ya Maryland na sasa makao yetu ni mashua ya tanga, jibu wanajipa wenyewe. Tumetupwa. Uzunguni wazee hawana mwenyewe, na sisi yametufika yaleyale. Watu wa nchi kavu wa huku Marekani nao wana maneno yao. Wenye majumba ya ufukweni wanatuona wazururaji tuliokuja kuwaharibia mandhari. Wasio na majumba wanatuona matajiri tuliokosa la kufanya. Wote wanatusemea bila kutujua. Wanaoishi hivi ni jamii yenye mila, adabu na miiko yake, nayo ilinipokea nikiwa mgeni mwenye mtandio kichwani. Wema wao unanidai ushahidi.

Kila mwaka, joto likianza kupungua, mashua hushuka kutoka Kanada, New England na Ghuba ya Chesapeake kuelekea Florida na visiwa vya Bahama. Wengi waliomo ni wazee wawiliwawili, mume na mke, waliomaliza utumishi na kulea. Njia yao ni ya ndani: mlolongo wa mito, ghuba na mifereji inayopita nyuma ya visiwa vya pwani, salama na mawimbi ya Atlantiki. Maili 0 iko Norfolk, Virginia. Ukifika Miami umekaribia maili 1,090. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kampuni nyingi za bima haziruhusu mashua ishuke kusini mapema. Basi watu husubiriana, huondoka pamoja, na majira ya kuchipua hurudi pamoja. Babu zetu waliokwenda Arabuni na kusi wakarudi na kaskazi wangeuelewa mpango huu bila kufafanuliwa.

Mila ninayoipenda kuliko zote ni ya kupokea kamba. Mashua ikionekana inakuja gatini, aliye karibu huacha alichokuwa akifanya, hata kama ni chakula mezani, akaenda kusimama ukingoni. Haulizi ni nani anayekuja, wala wa taifa gani. Ndani ya mashua hiyo kuna wazee wawili waliochoka, upepo unawasukuma upande mmoja na maji yanawavuta upande mwingine. Pwani ya Georgia maji hupanda na kushuka zaidi ya mita mbili, na yanapokimbia hayana huruma. Kamba ikirushwa ikakosa mkono, chombo chenye uzito wa tani kadhaa kitamgonga jirani. Mpokeaji naye ana adabu yake: hafungi anavyotaka yeye, humwuliza kwanza nahodha kamba iende wapi. Kazi ikiisha huwaambia wageni maji ya kunywa yako wapi na duka liko wapi, kisha hurudi kwenye chakula chake. Hakuna anayengoja shukrani, kwa kuwa kesho yeye ndiye atakayekuwa anaingia.

Mji mmoja uliipokea mila hii ukaifanya kuwa yake. Elizabeth City, North Carolina, una gati la bure kwa wapita njia. Mwaka 1983 wazee wawili wa mji huo, Fred Fearing na Joe Kramer, walianza kwenda gatini kuwakaribisha watu wa mashua. Kila mwanamke alipewa waridi lililokatwa katika bustani ya Kramer, na jioni wageni wote waliandaliwa karamu ndogo. Kramer alipofariki, miti yake ya mawaridi ilihamishiwa gatini na desturi ikaendelea. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui mji mwingine wa huku unaoiishi methali hiyo kwa uwazi kiasi hicho.

Wengi hufika Elizabeth City kupitia mfereji wa Dismal Swamp, uliofunguliwa mwaka 1805, ambako chombo hupandishwa kwenye mlango wa maji wa Deep Creek na kushushwa kwenye mlango wa South Mills. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi, na wenzangu hupenda kuyapiga picha. Mimi siwezi kupita pale bila dua. Mfereji ule ulichimbwa na Waafrika waliokuwa watumwa, wakiwa ndani ya matope hayohayo, na kinamasi kilichouzunguka kiliwaficha watoro wa utumwa waliojijengea maisha humo kizazi baada ya kizazi. Nawaeleza wenzangu hayo tukishafunga kamba, nao husikiliza. Wapo walionifuata baadaye kutaka kujua zaidi.

Adabu ya nanga haijaandikwa mahali, lakini hakuna asiyeijua. Aliyetangulia kutia nanga ndiye mwenye haki. Mnyororo huachiwa mara tano hata mara saba ya kina cha maji, kwa hiyo mashua huzunguka duara kubwa kadiri upepo na maji yanavyogeuka. Anayekuja nyuma lazima aupime mzunguko wa mwenzake kabla ya kuchagua pake. Akisogea mno, mwenyeji hutoka tu akasimama omo, mbele ya chombo chake, kimya. Hiyo inatosha. Mgeni hung'oa nanga yake akaenda mbali zaidi, na jioni wawili hao huamkiana vizuri.

Hapa niwajibu pia wanaoshangaa mwanamke kuishi chomboni. Kwetu jahazi lilikuwa la wanaume, na mke alimsubiri mumewe pwani. Katika jamii hii mke asiyeweza kukirudisha chombo bandarini peke yake huonekana yuko hatarini, kwa sababu wazee huugua, na wazee huanguka majini. Kwa hiyo wanawake hufundishana: kuwasha injini, kushusha tanga, kuita msaada kwa chaneli ya 16 ya redio. Katika mashua yetu usukani ni wangu tunapotia nanga, na mzee wangu ndiye anayekwenda omo kwenye mnyororo, maana kifua anacho. Tunasemezana kwa mikono. Ngumi maana yake simama. Kidole huonyesha pa kuelekea. Upepo na injini humeza sauti, na zaidi ya hapo, kumpigia mkeo makelele mbele ya watu wote waliotia nanga ni aibu. Nimewaona wazee wa miaka themanini wakikiingiza chombo mahali pembamba bila kutamka neno, na heshima niliyoiona baina yao sijaiona katika nyumba nyingi za nchi kavu.

Kisha kuna redio. Mahali kama George Town, kisiwani Great Exuma, Bahama, ambako mashua nyingi hukaa miezi ya baridi, saa mbili asubuhi kila mtu huwasha redio ya baharini. Mmoja wetu huongoza kikao, na utaratibu hauvunjwi. Kwanza huulizwa kama kuna mgonjwa au aliye taabani. Hufuata hali ya hewa. Kisha walioingia jana hujitambulisha na wanaoondoka leo huaga. Mwisho ni shida: nani ana mpira wa pampu, nani anajua kutengeneza friji, nani anakwenda ng'ambo kununua mboga awachukulie wengine. Huku watu hawajulikani kwa majina ya ukoo bali kwa majina ya mashua zao, na unaweza kukaa na mtu msimu mzima usijue kama alikuwa jaji au dereva wa lori. Kazi ya zamani hukumbukwa inapohitajika tu. Mimi nilikuwa muuguzi, na asubuhi moja niliitwa kwa mzee aliyechomwa na ndoana kiganjani. Nilipomaliza kumfunga kidonda, majirani watatu walikuwa wameshafika na vihori vyao, mmoja kaleta supu, wengine wakimuuliza mkewe akae nani naye usiku. Nawaomba ndugu zangu wa Tanga walipime hilo. Mzee aliyetupwa hana anayemuulizia saa mbili asubuhi.

Watoto wetu tunao. Wanapiga simu, wanakuja na wajukuu wakati wa likizo, na sisi huwaendea. Tulichokikataa ni kufungiwa katika chumba chenye televisheni tukingoja Jumapili ya kutembelewa. Wazee wa kwetu walikuwa na baraza, na jioni kila mtu alijua ni nani hakutokea. Baraza letu sisi lina nanga, na yule ambaye hakutokea huulizwa vilevile.

Jua likikaribia kuzama, watu hutoka nje na makome yao makubwa, yaliyokatwa ncha yakawa mabaragumu. Anaanza mmoja, anajibiwa na mwingine ng'ambo ya ghuba, hadi sauti zinaizunguka bandari nzima. Wajukuu wanaozuru hufundishwa kupuliza, na wanaposhangilia utawasikia hadi ufukweni. Baada ya hapo watu hupanda vihori wakakusanyika kwenye mchanga au kwenye mashua iliyo na nafasi, kila mtu na sahani yake. Mimi huja na mahamri na mbaazi za nazi, na hayabaki. Vileo vyao sivigusi, wala hakuna aliyenilazimisha. Kuhusu sherehe ya kumwomba ruhusa mungu wa bahari wakati wa kubadili jina la chombo, sisi tulisoma Fatiha, ikatosha.

Kuvuka kwenda Bahama ni ibada nyingine. Kutoka Miami hadi Bimini ni kama kilomita 80 tu, lakini katikati unapita Mkondo wa Ghuba, mto wa baharini unaokimbilia kaskazini. Upepo ukivuma kutoka kaskazini hukutana nao uso kwa uso, na mawimbi husimama wima. Basi watu husubiri upande wa Florida siku kadhaa, wanasoma utabiri pamoja, wazoefu wakiwazuia wenye haraka. Siku ikifika wanang'oa nanga usiku, wanavuka kwa kundi na kuitana redioni, hadi wa mwisho aingie. Hakuna anayelala kabla wa mwisho hajaingia.

Na kuna siku ya kuiacha bahari. Miguu ikishindwa kupanda ngazi, wenyewe hutangaza redioni kwamba huu ni msimu wao wa mwisho, kisha huanza kugawa: zana, kamba nzuri, nanga ya akiba, na juu ya yote ramani zao zilizojaa maandishi ya penseli. Hapa pamejaa mchanga. Daraja hili mlinzi wake msikivu. Usilale hapa upepo wa magharibi ukivuma. Ramani zetu tulipewa na wanandoa wa namna hiyo, nao walikuwa wamezirithi kwa wengine. Kurithishwa kwa wasio wa damu yako ni jambo zito, na sisi tumeshachagua wa kuwaachia zetu.

Ndiyo maana nahuzunika ninapoona haya yote yakimomonyoka. Intaneti ya setilaiti imeingia mashuani, na kila mtu anajua hali ya hewa yake peke yake. Ramani iko kwenye simu. Asubuhi zipo bandari ambako redio huita na wanaojibu ni wachache, ilhali mashua zimejaa. Siupingi ufundi, umeokoa maisha, na mimi mwenyewe huwaona wajukuu zangu kwa huo. Lakini adabu nilizozieleza zilizaliwa na kuhitajiana. Wanandoa sita waliokuwa wakiishi mashuani huko California mwaka 1952 waliunda chama kiitwacho Seven Seas Cruising Association ili wapashane habari kwa barua, na wakajiwekea sharti la kupita bila kuacha uharibifu, ili anayefuata naye akaribishwe. Walijua kwamba wa mbele humtengenezea wa nyuma. Mtu akiamini hamhitaji mwenziwe kwa lolote, ataacha kutazama kama kamba ya jirani imeshika.

Upande wa nchi kavu nao unatubana. Mwaka 2016 Florida ilitunga sheria ya kukataza kutia nanga usiku katika baadhi ya maji ya Miami Beach na Broward, mbele ya majumba ya kifahari. Wenye nyumba wana hoja moja ya kweli: zipo mashua zilizotelekezwa zinazozama na kuchafua maji. Hizo ziondolewe na wamiliki wake waadhibiwe. Lakini mzee aliyeingia machweo na atakayeondoka alfajiri hakutelekeza kitu. Kumfukuza usiku akatafute pengine ni kumhatarisha ili mwingine asione mlingoti dirishani mwake. Pwani zetu za Afrika Mashariki zinauziwa wenye hoteli na majumba vilevile, na wavuvi wameanza kuulizwa wana haki gani ya kuegesha madau yao mbele ya mgeni anayeota jua. Tusingoje hadi kuwe na sheria ndipo tuseme.

Maji ya kutia nanga ni baraza ya watu wote, na baraza ikifungwa, ujirani uliokuwa ukikaa pale hauhamii kwingine, unakufa. Wenzangu wa majini nawasihi waiwashe redio saa mbili hata kama hali ya hewa wanayo mkononi, kwa sababu swali la kwanza la kikao kile halikuwa la upepo. Lilikuwa la kujua nani ana shida, na hilo hakuna chombo kitakachotuulizia.